Nilivyoiacha app nikafunga taa ngazini

Aliyenishauri nianze na app aliniponza, sitaki hata kuficha. Mama mwenye nyumba shida yake ilikuwa moja tu, ajue simtank la lita 5,000 huko juu limebaki na maji kiasi gani bila kumpandisha kijana kila asubuhi. Jamaa akanijaza: data ipande klaudi, weka grafu, weka notifikesheni. Nikaweka. Wapangaji wengine wakaifuta simu zilipojaa, wengine bando hawana, umeme ukikatika rauta nayo chali, ndo basi tena.

Ndo nikamkumbuka Mark Weiser, mtaalamu wa kompyuta wa Xerox PARC, maabara ya utafiti huko Marekani, ambaye 1991 aliandika kwamba teknolojia ya maana ni ile inayopotelea kwenye maisha mpaka huioni tena. Hapohapo PARC msanii Natalie Jeremijenko alining'iniza kamba ya plastiki darini, mota inaitikisa kadiri data inavyopita kwenye waya, ikivuruma unajua mtandao una msongamano, skrini ya nini sasa? Nikasema na mimi nafunga taa.

ESP32, kile kikompyuta kidogo kinachoendesha mtambo, maelezo yake naruka. Kasheshe ni sensa, ile inayopima umbali hadi kwenye maji kwa mwangwi wa sauti. HC-SR04 ya bei chee ukiibandika chini ya mfuniko inashika matone ya mvuke inaanza uongo, tenki tupu inakwambia limejaa. Nikachukua JSN-SR04T, hiyo haiogopi maji ila kitu kikiwa karibu chini ya sentimita 20 na ushee haikioni, kwahiyo inyanyue. Sasa ujanja wangu, na huu najisifu kabisa: pampu yetu hata uichape viboko haijazi tenki kwa dakika moja, kwahiyo kipimo kikisema maji yamepanda ghafla programu inakitupa, inasubiri vingine vikubaliane. Uongo kwisha! Na hesabu zote zinafanyika humohumo kwenye ESP32, intaneti iwepo isiwepo.

Taa nilipanga kijani na nyekundu, Mama akacheka, "Mwanangu, baba yenu hapa hizo rangi kwake ni moja." Basi ikawa nyeupe tupu: ikitulia maji yapo, ikikonyeza polepole yamefika nusu, ikikonyeza mbiombio washa pampu. Hakuna aliyefundishwa, watoto ndo waliwahi kuishika.

Vifaa laki haikufika, nauli ya Kariakoo sihesabu. Ila pawabenki ya kulishia mtambo umeme chunga, kuna zinazojizima zenyewe zikiona kifaa kinakula umeme kidogo, chagua isiyo na hiyo tabia.