Siku Moja Maishani Mwangu: Namba Kumi Zilizozidi

Saa moja na nusu asubuhi nimeshafungua. Duka langu liko kichochoroni, si mbali na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hapa Lamu. Punda mwenye shehena ya mchanga akipita, meza ya nje lazima iingie ndani, la sivyo ataipitia na kila kilicho juu yake. Natengeneza simu, redio, taa za sola, na chochote chenye nyaya.

Saa mbili ni simu ya nahodha wa boti za Shela, iliyoanguka majini. Ukungu wa kijani umeshaota kwenye tundu la chaji. Mswaki laini, spiriti, kisha naiacha ikauke. Chumvi ya hapa haingoji kifaa kitumbukie baharini. Upepo tu unatosha kuifikisha.

Saa nne akaja binti wa kaka yangu. Yuko kidato cha tatu, na Jumamosi zake nyingi huishia hapa dukani.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Mbona uso huo?"

Akafungua kitambaa, ndani mna bodi yake ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kujifunzia. Ameiandikia programu ya kutafuta namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Programu inakwenda, lakini majibu mengine si ya kweli. Kuna mtu amemwambia bodi ni feki, chipu imekufa, aitupe anunue nyingine.

Maneno hayo huniudhi. Kifaa hakihukumiwi kabla ya kupimwa, tena kifaa cha mtoto aliyedunduliza pesa zake mwenyewe. Nikachukua mita: volti 5 zimetimia. Waya wa USB nikaubadilisha, maana nyingine zina nyaya za chaji peke yake na hazipitishi data. Hakuna kilichobadilika.

Saa tano, kabla sijasoma hata mstari mmoja wa programu, nikamwambia aiulize bodi idadi tu. Chini ya 1000 kuna namba tasa ngapi? Ikajibu 168. Chini ya 10,000? 1229. Hesabu hizi zinajulikana tangu zamani, nami nimezibandika ukutani juu ya meza kwa sababu ndizo mizani yangu. Chini ya 30,000 ikajibu 3245, sawasawa kabisa. Chini ya 40,000 ikajibu 4213.

Jibu la haki ni 4203.

Kumi zimezidi. Tukairudia, ikaja 4213 ile ile. Hapo nikajua chipu ni nzima. Chipu mbovu mara nyingi hukosea ovyo, sasa hivi na baadaye vile. Hii ilikwenda sawa mpaka 30,000, ikapotoka mahali fulani mbele, na ikapotoka kwa idadi isiyobadilika. Kosa la namna hiyo lina sababu, na sababu hutafutika.

Adhuhuri nilikwenda kuswali, nikamwacha na orodha mbili kwenye laptopu, ya bodi yake na ya namba tasa za kweli, azilinganishe kati ya 30,000 na 40,000. Niliporudi, karatasi ilikuwa imejaa. Ya kwanza ni 36481, nayo ni 191 mara 191. Halafu 36863, yaani 191 mara 193. Akaendelea hivyo mpaka 39601, ambayo ni 199 mara 199. Zote kumi zimetokana na namba nne tu: 191, 193, 197 na 199. Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata kuona karatasi ile. Mtoto amelikamata kosa kwa penseli.

Sasa ndipo tukafungua programu. Kupima kama namba witiri n, yaani isiyogawanyika kwa 2, ni tasa, unaigawa kwa 3, 5, 7 na kuendelea, mpaka kigawanyo, i, kikizidishwa kwa chenyewe kiipite n. Mstari wake ulisema hivi:

for (int i = 3; i * i <= n; i += 2)

Kwa macho hauna kasoro, na kwenye laptopu hauna kasoro kweli, kwa sababu int, aina ya namba nzima, huko kwa kawaida ni ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Lakini chipu ya Uno hii, ATmega328P, int yake ni ya biti 16, na mwisho wake ni 32,767. 181 mara 181 ni 32,761, inaenea. 183 mara 183 ni 33,489, haienei. Inafurika na kusomeka -32,047. Na kwa kuwa n yake aliiandika unsigned long, aina ya biti 32 isiyojua hasi, ile hasi inapolinganishwa nayo hugeuka namba inayopita bilioni 4. Programu inaona mpaka umeshapitwa, inaacha kugawa, inatangaza kuwa n ni tasa. Baada ya 181, namba tasa inayofuata ni 191. Ndiyo sababu zilizopenya ni zile za 191 na wenzake.

"Ami, tukiiweka unsigned int je?"

Swali zuri sana. Ingefika mbele kidogo, kisha 257 mara 257, yaani 66,049, ingefurika nayo, kwani mwisho wa hiyo ni 65,535. Safari hii kosa lingegeuka upande: mpaka usingepitwa kamwe, i ingezunguka hadi 1, inayogawa kila namba, na 65537, ambayo ni tasa, ingekataliwa. Akaifanya i nayo unsigned long.

Saa tisa: chini ya 40,000, 4203. Chini ya 100,000, 9592. Alipiga kelele mpaka muuza kahawa akasimama kutazama.

Nikamwonyesha pia asichapishe kila namba. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi ikichukua biti 10, zinapita herufi 960 tu kwa sekunde, na bodi inabaki kungoja waya badala ya kuhesabu. Achapishe jumla peke yake.

Saa kumi wateja wakaja kwa mkupuo: chaja, redio, simu ya nahodha iliyowaka. Bodi tuliiacha pembeni ikitafuta mpaka milioni moja, na kabla ya Magharibi ikatoa 78498, kama ilivyo ukutani.

Sasa anataka chekeche la Eratosthenes, lile la kufuta vigawe badala ya kugawa. Bodi ina baiti 2048 za kumbukumbu kwa kila kitu. Nimemwambia atumie biti moja kwa kila namba witiri: baiti 1000, kila moja biti 8, zitamfikisha karibu na 16,000, na zaidi ya hapo afanye kipande kwa kipande. Ameondoka na karatasi zangu zote tupu.