Nilivyoizunguka Usambara huku nikiwa daktari wa zamu

Watu wakisikia nafanya kazi Lushoto, huniuliza kama napata nafasi ya kuiona ile milima. Ningeisubiri nafasi, nisingeona kitu. Hospitali ya wilayani haina siku ya utulivu: wodi ya wazazi, foleni ya wagonjwa wa nje, na simu ya saa nane usiku kwamba kuna mama anahitaji upasuaji. Nikaamua kuizunguka milima kwa njia ya kazi yenyewe, na nilifaidika kuliko nilivyotarajia.

Nilianza na Irente, maana iko karibu na mji, naweza kurudi haraka nikiitwa. Nikitoka zamu ya usiku na kulala kidogo, nilikuwa natembea taratibu katikati ya mashamba ya mboga mpaka kwenye mwamba. Pale ardhi inakatika ghafla. Karibu mita 1,000 chini yako unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde, barabara kuu iendayo Moshi, kisha nyika inayokwenda mpaka macho yachoke.

Nikiwa hapo juu ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa likinisumbua wodini. Kwa nini watu wazima, wenye nguvu zao, wa mji wa baridi kama huu, waletwe na malaria kali mpaka wengine hawajitambui? Huku juu mbu wa malaria ni wachache, kwa hiyo mtu anakua bila kujenga kinga. Msimu wa mpunga ukifika anateremka Mombo, kule nyikani chini ya milima kwenye mbu wengi, kutafuta kibarua, analala huko wiki kadhaa, anapanda na homa. Kwenye ramani ni mwendo mfupi, lakini kwa mwili wake amehamia nchi nyingine. Tangu hapo mgonjwa wa homa namuuliza mapema kabisa: "Umeteremka nyikani hivi karibuni?"

Baadaye nikawa wa kwanza kuomba kwenda na timu ya huduma za mkoba, yaani zile tunazowafuata watu vijijini. Wenzangu wengi hawazipendi safari hizo, maana masika barabara ni utelezi mtupu na gari likikwama mnasukuma. Mimi zilinipeleka Lukozi, Mlalo na mpaka Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa milima kama ndege juu ya tawi. Kutoka Mtae unaiona Mkomazi chini, milima ya Upare ng'ambo, na asubuhi ikiwa safi kabisa, Kilimanjaro kwa mbali. Lakini kazi kwanza. Muuguzi anafungua kisanduku cha chanjo, mzani unaning'inizwa kwenye boriti, watoto wanapimwa mmoja mmoja huku ukungu ukiingia mlangoni, na kila mtoto akivuliwa sweta analia kwa baridi kabla hata ya kuiona sindano. Nilijifunza kupasha moto kifaa cha kusikilizia kifua kwa viganja kabla ya kumgusa mtoto.

Kilichonibadilisha zaidi ni kutembea na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tulimfuata nyumbani mama mmoja mjamzito mwenye presha aliyekuwa akikosa kliniki. Faili lake lilisomeka kama la mtu mzembe. Njia ya kwake ilishuka bondeni, ikavuka kijito juu ya magogo mawili, ikapanda tena mpaka nikashika magoti. Yeye alikuwa akiipita njia hiyo na ujauzito wa miezi saba. Bibi yake alinikaribisha, nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, sasa umeona mwenyewe." Tulikubaliana mhudumu awe anampima presha kule kule kijijini, na yeye aje mapema kusubiri karibu na hospitali siku zake zikikaribia. Wagonjwa wangu wengine wa presha na kisukari nao nikaanza kuwapangia tarehe ya kurudi siku ya gulio, kwa kuwa siku hiyo wanakuja mjini na mzigo wao wa kuuza. Mahudhurio yalikuwa bora zaidi.

Vijijini pia nilijifunza historia ambayo daktari wa hapa lazima awe nayo kichwani. Tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, iliingia Lushoto mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Ukiingia nyumba ambayo mahindi yanahifadhiwa ndani na watoto wanalala chini, huhitaji kuelezwa panya na viroboto walipata wapi njia. Nikimwona mtoto mwenye homa na tezi limevimba kinenani au kwapani, swali la panya waliokufa nyumbani halinipiti.

Jumapili nisipokuwa na zamu naingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Mbega wanaruka juu ya miti mikubwa, na hewa yake inaondoa uchovu wa wiki nzima. Madaktari wa mafunzo kwa vitendo wakifika hospitalini nawaalika twende pamoja. Nawaambia wamuage wa zamu na kumwelekeza tulipo, wavae viatu vya kushika tope, na wabebe koti, kwani mwezi wa saba huko baridi inauma hata saa sita mchana.