Theater Camp: Filamu Inayowaheshimu Watoto wa Jukwaani

Vichekesho vingi vikishampandisha mtoto jukwaani humgeuza kioja: anasahau maneno, anajikwaa, anaangua kilio, na watazamaji wanacheka. Theater Camp, filamu iliyoongozwa na Molly Gordon na Nick Lieberman na kuonyeshwa katika kumbi za sinema mwaka 2023, imeikataa njia hiyo. Wanaochekesha humu ni walimu. Watoto wanaimba, wanacheza na kuuliza maswali ya maana, na kazi yao inapokuwa nzuri kamera inatulia ili nasi tuione. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara jambo hilo ndilo linalonigusa, kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa mlezi wa chama cha drama shuleni na ninajua jinsi ilivyo rahisi kwa mtu mzima kusahau kwamba mtoto anayesimama mbele ya watu anafanya kazi halisi.

Kwanza niseme machache kuhusu kambi zenyewe, maana si desturi ya huku kwetu. Nchini Marekani shule hufungwa kwa muda mrefu katika majira ya joto, na tangu karne ya 19 familia nyingi zimezoea kuwapeleka watoto wao kwenye kambi zilizo mbali na miji, kando ya maziwa na misitu, wakae huko kwa majuma kadhaa. Nyingi ni kambi za kuogelea, kupiga makasia na kutembea milimani, lakini zipo zilizojikita katika sanaa. Interlochen, jimboni Michigan, ilianza mwaka 1928 ikiwa kambi ya okestra kwa wanafunzi wa sekondari. Stagedoor Manor, katika milima ya Catskill jimboni New York, ilianzishwa mwaka 1975, na miongoni mwa waliopitia huko wakiwa wadogo ni Natalie Portman na Robert Downey Jr. Todd Graff, ambaye naye alilelewa kisanaa huko, aliitumia kambi hiyo kupigia picha filamu yake Camp ya mwaka 2003, na ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Anna Kendrick. Kwa hiyo Theater Camp haikuzuka hewani. Inazungumzia ulimwengu ambao una historia, una kumbukumbu zake na una watu wazima wengi wanaosema kwamba kama si kambi hiyo, wasingejua pa kujiweka utotoni.

Kambi ya hadithi hii inaitwa AdirondACTS, nayo ni ya kubuni, japokuwa picha zake zilipigwa mahali halisi, katika eneo la Warwick jimboni New York, kwa siku 19 tu. Mwanzilishi wake ni Joan, mama aliyeitoa nafsi yake yote kwa watoto wa jukwaani na ambaye Amy Sedaris anamwigiza kwa dakika chache zilizojaa uhai. Mwanzoni kabisa mwa filamu Joan anahudhuria onyesho la shule akitafuta watoto wa kuwaalika kambini, taa za kumetameta zinamsababishia kifafa, naye anapoteza fahamu na kulazwa hospitalini. Kambi inabaki mikononi mwa mwanawe Troy, anayeigizwa na Jimmy Tatro, kijana wa video za mtandaoni na sarafu za kidijitali ambaye hajui tofauti kati ya mchezo wa kuigiza wa kawaida na ule wa nyimbo. Madeni yamerundikana, na kampuni ya uwekezaji inayoimiliki kambi ya jirani inaimezea mate ardhi yao. Walimu wawili waliokulia hapo tangu utotoni, Amos na Rebecca-Diane, wanaamua kutunga mchezo mpya wa nyimbo kuhusu maisha ya Joan, wakiupa jina Joan, Still, na majuma machache ya kambi yanakuwa mbio za kuukamilisha. Yote hayo yanasimuliwa kwa mtindo wa filamu ya makala, kana kwamba kuna kikundi cha wapiga picha kilichokuja kumrekodi Joan na kikalazimika kuendelea na kazi bila yeye.

Kuna tukio moja la mazoezi ambalo ningependa kila mwalimu wa sanaa alione. Binti mmoja anaimba huku machozi yakimtiririka, na inaonekana kipaji chake kimefika mahali ambapo wenzake hawajafika. Kisha walimu wanagundua kwamba alijipaka chini ya macho kijiti chenye mentholi, kitu ambacho waigizaji hutumia kuyatoa machozi kwa nguvu. Wanavyomhoji ni kama wanamichezo wanavyohojiwa wanapokamatwa na dawa za kusisimua misuli: nyuso zimekunjamana, sauti zimeshuka, mustakabali wote wa mtoto umewekwa mezani. Tukio hilo linachekesha sana. Lakini tazama kicheko kinaelekea wapi. Binti yule anasimama pale akijibu kwa unyoofu, akitaka tu kufanya vizuri, na walimu wake ndio walioipa kazi uzito mpaka ukawaelemea. Tena, ukiondoa chumvi, walimu hawa wana hoja ya kweli: hisia za mwigizaji zinapaswa kutoka ndani, na kipaji kinacholindwa mapema hukua. Filamu inajua kwamba wana haki, na inajua pia kwamba wamepitiliza, na inayabeba mambo hayo mawili kwa wakati mmoja bila kuangusha hata moja.

Nadhani ustadi huo unatokana na watunzi wenyewe. Hati iliandikwa na watu wanne, yaani waongozaji wawili pamoja na Ben Platt, anayemwigiza Amos, na Noah Galvin, anayemwigiza fundi wa jukwaa aitwaye Glenn. Gordon, ambaye ndiye Rebecca-Diane, na Platt ni marafiki tangu walipokuwa watoto wadogo mjini Los Angeles, ambako walicheza pamoja katika michezo ya jukwaani ya watoto. Picha za video za utoto wao zimetumiwa ndani ya filamu, kwa hiyo tunapoonyeshwa Amos na Rebecca-Diane wakiwa wadogo jukwaani, tunawaona Platt na Gordon wenyewe walivyokuwa. Mwaka 2020 kundi hilo lilitoa filamu fupi yenye jina hilihili, na hii ndefu ikachipuka humo. Mazungumzo mengi yalifaraguliwa mbele ya kamera, yaani waigizaji waliyabuni papo hapo, na mtazamaji anauhisi ufaraguzi huo katika namna watu wanavyokatizana kauli na kusita. Mtu anayekitania kitu alichokulia ndani yake anajua mahali pa kugusa na mahali pa kuacha, na hilo haliwezi kupatikana kwa utafiti wa juma moja.

Watoto wenyewe wamechaguliwa kwa macho makali. Alan Kim, ambaye wengi walimfahamu kupitia filamu Minari ya mwaka 2020, ni mtoto asiyetaka kuigiza hata kidogo. Yeye ni wakala wa waigizaji, daima yuko kwenye simu akiwatafutia wenzake kazi, na hakuna anayemshangaa. Luke Islam, aliyewahi kushiriki America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, yumo pia. Kinachonifurahisha ni kwamba waongozaji hawakuwaagiza watoto hawa wajifanye hawajui kuimba ili hadithi ichekeshe zaidi. Wanaimba kwa nguvu zao zote, na sauti zinapopanda unaelewa kwa nini Joan aliuza kila alichonacho kwa ajili yao, hata kama kauli hiyo ni ya kwangu na wala haisemwi popote katika filamu.

Sasa nije kwa Glenn, ambaye kwangu ndiye moyo wa kazi hii. Kila kambi, kila shule na kila kikundi cha sanaa kina mtu wake wa nyuma ya pazia: anayejua taa ipi imeungua, kamba ipi imelegea, mtoto yupi amejificha chooni kwa hofu. Glenn ndiye huyo. Kila kitu kinapoharibika yeye ndiye huitwa, na kila kitu kinapokwenda sawa hakuna anayemkumbuka. Galvin anamwigiza kwa upole mwingi, macho yake yakifuata mazoezi kutoka pembeni, na kwa muda mrefu filamu haitwambii anachokitamani, inatuachia tukione wenyewe. Usiku wa onyesho mwigizaji mwenye nafasi kubwa anakosekana, na Glenn, anayekijua kila kipande cha mchezo kwa sababu amekisikiliza kila siku, anatoka mbele. Sitaeleza yote anayoyafanya pale jukwaani. Niseme tu kwamba sauti inayotoka ni ya mtu aliyeimba kwenye jukwaa la Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo jijini New York: mwaka 2017 Galvin alichukua nafasi kuu katika mchezo wa nyimbo Dear Evan Hansen baada ya Platt, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametunukiwa Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway, kwa nafasi hiyohiyo. Anayeijua historia hiyo atauona ucheshi wa ndani wa kumweka Galvin nyuma ya mapazia kwa filamu karibu nzima, na asiyeijua atashangazwa kama wanavyoshangazwa watoto wa kambi.

Sehemu hii ilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Hapa Kenya, katika tamasha la kitaifa la drama na filamu, ambako shule hupanda kutoka ngazi ya kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa, macho yote huwa kwa mwigizaji mkuu na mwandishi wa mchezo. Mtoto anayesukuma mandhari na kubadilisha maleba kwa sekunde chache gizani hapati cheti cha kutundika ukutani mara nyingi kama anavyostahili. Nimewafahamu watoto wa namna hiyo ambao walikuwa wameuhifadhi mchezo mzima, nafasi zote, kuliko waliopewa nafasi hizo.

Zipo dosari, nazo si ndogo. Habari ya madeni na kampuni ya uwekezaji ni nyuzi tu za kuishonea hadithi, na watunzi wanaonekana kuichoka kabla hata sisi hatujaichoka. Ugomvi kati ya Amos na Rebecca-Diane, unaotokana na siri anayoificha Rebecca-Diane kuhusu kazi aliyopata kwenye meli ya watalii, ulistahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna swali zito: je, rafiki akisonga mbele peke yake, amekusaliti au amekua? Swali linaulizwa vizuri, kisha linamalizwa upesi. Ayo Edebiri, kwa jina la Janet, ni mwalimu aliyejaza sifa za uongo katika wasifu wake wa kazi na sasa anapaswa kufundisha mambo asiyoyajua kabisa, na kila anapotokea nilitaka abaki, lakini matukio yake ni machache mno. Vilevile mtindo wa filamu ya makala husahauliwa mara kwa mara, kamera ikijikuta mahali ambapo hakuna mpiga picha wa makala ambaye angeruhusiwa kuingia.

Hata hivyo, katika tamasha la filamu la Sundance nchini Marekani, Januari 2023, ilikoonyeshwa kwa mara ya kwanza, majaji waliitunuku tuzo maalumu kwa ajili ya kundi zima la waigizaji, na kampuni ya Searchlight Pictures ikainunua kwa dola milioni 8. Tuzo ile ninaiona ya haki kabisa. Huwezi kumtoa mtu mmoja hapa ukasema yeye ndiye filamu. Ni kazi ya kundi, na inazungumzia kazi ya kundi.

Nyimbo za mchezo wa Joan, zilizotungwa na watunzi hao wanne pamoja na Mark Sonnenblick, zina safari yazo zenyewe. Katika mazoezi tunasikia vipande ambavyo havifai, vyenye mashairi ya kulazimisha vina na mawazo ambayo walimu wameyapenda kwa sababu tu ni yao. Ninapomsikiliza mwanafunzi wangu akisoma rasimu ya ngonjera ninayatambua makosa yaleyale. Kisha onyesho linapowadia vipande vilevile vinashikana mikononi mwa watoto, mpaka ule wimbo wa mwisho, "Camp Isn't Home", ambao hauna mzaha hata kidogo. Hapo filamu inaacha kuchekesha kwa dakika kadhaa na kuwaachia watoto waimbe, na walimu wamekaa kimya wakiwasikiliza.

Imepewa daraja la PG-13 nchini Marekani, yaani wazazi wanaonywa kwamba baadhi ya mambo huenda yasiwafae walio chini ya miaka 13, na kuna lugha na utani ambao haufai kwa wadogo wa shule ya msingi, kwa hiyo mwalimu anayetaka kuionyesha aitazame kwanza peke yake. Kwa wanafunzi wa sekondari walio katika vyama vya drama ningeionyesha yote, nikisimamisha baada ya tukio la kijiti cha mentholi ili tujadili jinsi mwigizaji anavyoweza kulia bila kusaidiwa, na nikisimamisha tena baada ya Glenn kujitokeza jukwaani, niwasikilize wale wa taa na maleba wanasemaje.