Udumavu ni ukoo? Waulize ndugu wa tumbo moja

Kliniki za Iringa na Njombe, Tanzania, mtoto akionekana mfupi kuliko umri wake, yaani amedumaa, sentensi hii ya wazazi haikosi: "Kwetu sisi ni wafupi tu, ni ukoo." Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, huku wastani wa nchi ukiwa 30. Inauma, maana mahindi na maharage yapo. Lakini hoja ya ukoo haijibiwi kwa kukemea, inapimwa.

Chukua watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa wastani wanashiriki nusu ya jeni, na wanakunywa maji yale yale. Mkubwa alinyonya tu hadi miezi sita. Mdogo akaanzishiwa uji mwepesi mwezi wa pili, mama aliporudi shambani. Linganisha urefu wao katika umri uleule, si siku ileile. Kadi ya kliniki itakupa wa mkubwa ikiwa uliandikwa. Nyumba ambamo wote walilishwa sawa haikuambii kitu kuhusu uji.

Kipimo ndipo wengi wanapoharibu. Chini ya miaka miwili mtoto hulazwa kwenye ubao, kuanzia miwili husimama, na kulala humwongezea kama sentimita 0.7. Ukichanganya mmoja kalala, mwingine kasimama, umejitengenezea tofauti ambayo haipo. Angalia pia mtoto ni wa ngapi kuzaliwa na miezi kati ya mimba: mdogo anaweza kuwa mfupi kwa sababu hizo, uji ukasingiziwa.

Ndugu wawili tu wanaweza kutofautiana kwa jeni, ila tofauti ikijirudia kwa jozi nyingi za ndugu, ukoo peke yake hautoshi kuieleza. Ikipotea, usikimbilie jeni, kwa kuwa ndugu wanashiriki pia jiko na umaskini. Mfano wa tofauti iliyopotea: katika utafiti wa Sweden uliotoka 2024, watoto karibu milioni 2.5 walichunguzwa: uhusiano mdogo wa paracetamol ya ujauzitoni na usonji ulipotea ndugu walipolinganishwa. Hilo liliondoa lawama kwenye dawa, bila kutaja mhusika mwingine.

Njia moja ya kutenganisha jeni na nyumba ni kutumia watoto wa mama mmoja baba mbalimbali, wanaoshiriki robo tu ya jeni. Wakilelewa na mama yuleyule, jikoni pale pale, halafu ndugu kamili wakafanana urefu zaidi yao, ziada hiyo ndiyo inayoelekeza kwenye jeni. Ila hakikisha mama hakuhama nyumba alipobadili mume.