Vitz yangu na Premio ya kaka: nilivyopima mafuta mwenyewe

Kaka yangu ana Premio ya cc 1,800, mimi nina Vitz ya cc 1,000. Kila nikifika kwake Kimara lazima anichokoze: “Mdogo wangu, hicho kikopo unakikamua mno, kinakula kuliko langu.” Tulibishana hadi shemeji akachoka. Mwaka jana nikamwambia, kaka, tupime.

Kupima ni rahisi. Unajaza tenki mpaka mpira wa pampu ukate wenyewe, unarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, unaendesha kama kawaida yako. Wiki ikiisha unarudi sheli ileile, pampu ileile, unajaza tena mpaka ikate. Kilometa gawa kwa lita zilizoingia. Mshale wa geji usiuamini, na anayekwambia “mimi ya elfu ishirini natembea siku tatu” hajapima kitu.

Wiki ya kwanza niliaibika. Vitz ilitoa km 9.6 kwa lita, kaka akacheka mpaka akakaa chini. Nikampelekea fundi mwingine, akanionyesha kwamba themostati, kile kidude kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, haipo; iliwahi kung’olewa “ili injini isichemshe”, dawa wanayoipenda mafundi wengi wa mjini. Kumbe bila themostati injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado ni baridi, basi inazidi kuimwagia petroli. Tukafunga nyingine, nikajaza na upepo wa tairi kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni.

Wiki iliyofuata, foleni ileile ya Barabara ya Morogoro kwenda Posta na kurudi: Vitz km 240 kwa lita 18.5, yaani karibu km 13 kwa lita. Premio km 236 kwa lita 26.8, haifiki hata 9. Kwenye foleni gari linasimama kuliko linavyotembea, na injini kubwa hata ikiwa imesimama tu inakunywa zaidi. Safari hii kaka hakucheka.

Desemba tukaenda nyumbani Iringa kwa kufuatana, kila gari watu watano na mabegi, viyoyozi vimewashwa. Mwendo tuliulinda wote, tochi za trafiki si za kuchezea. Hapo mambo yakageuka. Premio ilitambaa kwenye lami kimya, yangu ikihema kila nilipotaka kupita lori. Mlima Kitonga ndiyo usiseme: gia ya pili, mguu sakafuni, kelele kama cherehani, na mama nyuma akisali. Injini ndogo ikikanyagwa hivyo inazunguka kwa kasi na kompyuta inaiongezea mafuta, ule ubahili wake wote unaishia mlimani. Tulipojaza Iringa, baada ya kama km 500, yangu iliingia lita 37.5, ya kaka lita 36.

Tofauti ya lita moja na nusu si ya kugombania, lakini mimi nilifika mgongo ukiuma.

Sasa nikisafiri na familia naazima Premio, yeye anabaki na Vitz ya kwendea kazini. Mara ya mwisho nilimrudishia gari lake Jumapili, akaniomba nimwachie kikopo hadi Ijumaa.