Bajeti yetu mwaka huu imeanza na nauli

Jana usiku tumefunga bajeti ya kamati yetu ya uhusiano wa jamii. Siku tatu tumekaa kwenye daka, baraza ya mlangoni, la nyumba ya mweka hazina, mtaa wa Langoni mjini Lamu, pwani ya Kenya, tukikunja miguu kila punda anapopita na magunia ya mchanga. Kifungu cha kwanza kabisa, juu ya ukurasa, kinasema hivi: nauli na kredi ya simu, shilingi 180,000. Wajumbe kumi na wawili, 15,000 kila mmoja kwa mwaka mzima. Nimekipigania kifungu hicho kwa miezi, na nataka kueleza kwa nini.

Mimi ni katibu. Mchana naweka hesabu za chama cha wavuvi. Kazi ya kamati haina mshahara. Katika wale kumi na wawili tuna Waamu, Wabajuni, Wagiriama, Wakikuyu wa miji ya Hindi na Mpeketoni, huko bara, Waorma, na mzee mmoja wa Kiaweer kutoka upande wa Basuba. Kazi yetu kubwa ni kuwakutanisha watu mapema. Mwenye ng'ombe akutane na mwenye shamba kabla mahindi hayajaliwa, na mvuvi wa Kizingitini ajue kilichosemwa Mokowe kabla hajakisikia kimegeuzwa.

Maulidi ya mwaka jana, mji umejaa wageni, mara baada ya magharibi simu yangu ikaanza kulia. Makundi manne tofauti ya WhatsApp yaliniletea sauti ileile moja: mwanamume asiyejitaja akisema wakulima wa Hindi wametia sumu kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, ili ng'ombe wa wafugaji wafe, na kwamba wameshakufa wengi. Nilimpigia mjumbe wetu wa huko, mama muuza mboga. Ilikuwa saa mbili na robo.

"Dada katibu," akaniambia, "hapa vijana wameshajaa barabarani."

"Mzee wetu wa Kiorma yuko?"

"Yuko kwake. Nampitia sasa hivi."

Alichukua bodaboda, akampitia mzee, wakaenda wote wawili hadi silanga. Kumbe ng'ombe aliyekufa alikuwepo kweli, mmoja. Alikuwa amekwama topeni hadi kifuani, ukingoni, na pembeni yake ng'ombe wengine wamesimama wanakunywa maji, wazima. Mzee aliinama, akateka maji kwa kiganja, akanywa mbele ya vijana waliokuwa wamewafuata kwa pikipiki. Kisha akashika simu ya yule mama akarekodi kwa Kiorma, mama naye akarekodi kwa Kiswahili na kwa Kikuyu. Kila mmoja alianza kwa jina lake, jina la baba yake na mahali aliposimama. Saa tatu na dakika arobaini sauti zao zilikuwa zimefika Witu na Mpeketoni. Wale vijana walirudi makwao.

Safari ile na kredi vilimgharimu yule mama shilingi 700. Alizitoa kwenye pesa za mchicha. Kumrudishia kulituchukua wiki saba, kwa sababu fedha tulizokuwa nazo zilitoka kwa mfadhili mmoja, na mkataba ulikuwa umezifunga kwenye warsha: ukumbi, chakula cha mchana, bango, fulana. Bodaboda ya usiku kwenda silanga haikuwa na kifungu. Niliandika barua mbili kuomba ruhusa ya shilingi 700, huku bango letu la mita tatu limekunjwa nyuma ya mlango wangu. Naliona mpaka leo kila ninapofagia.

Tangu usiku ule sijaweza tena kukaa kwenye mkutano nikasikia neno "mawasiliano" likimaanisha mabango. Mawasiliano ya kamati kama yetu ni watu wanaojulikana, walio na njia ya kufika. Sauti ya yule mzee ilishinda uvumi kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Zamani hapa kwetu siwa, baragumu kubwa la watawala, ikipulizwa, ya shaba Lamu au ya pembe ya ndovu Pate, hapakuwa na wa kuuliza ni nani aliyetoa habari; chombo chenyewe kilikuwa na heshima yake na watu wake. Uvumi hauna baba, na mtu anayetaka kuujibu kwa tangazo lisilo na jina anaujibu kwa kitu cha aina yake.

Kwa hiyo mpango wetu wa mawasiliano ni ukurasa mmoja tu. Una majina ya wajumbe, lugha wanazosema, na nani anampigia nani wa kwanza. Una saa pia: mjumbe akipigiwa, ndani ya saa moja awe amefika mahali penyewe au ametuma mtu anayemwamini, na mpaka hapo hatutangazi lolote. Visiwani saa hiyo moja haitoshi. Chombo hakiufikii mji wa Pate maji yakipwa, kwa hiyo kule tumeweka wajumbe wawili, mmoja Faza na mmoja Pate yenyewe, ili asiwepo wa kungojea maji yajae huku maneno yameshaenea. Orodha ya simu anayo mweka hazina na mimi, basi. Kila aliyemo ameombwa idhini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata sisi wadogo, na kwa eneo kama letu namba ya mtu ikiangukia mikono mibaya inaweza kumtia hatarini.

Nakuja kwenye fedha, na hapa ndipo tulipobishana hadi taa zikawashwa.

Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, watu zaidi ya sitini wameuawa, amri ya kutotoka usiku ikafuata, na wavuvi wa usiku katika chama chetu wakakaa miezi bila kutia nyavu baharini. Nakumbuka warsha za kipindi kile: magari, hoteli, wageni wenye nia njema kabisa. Mwaka wa tatu simu zilikuwa zimenyamaza. Fedha za amani zimezoea kuja nyuma ya jeneza, na zikiisha machozi huisha nazo. Mimi nataka za miezi iliyotulia, wakati ambapo hakuna anayezikumbuka, kwa sababu ndiyo miezi ambayo yule mama na yule mzee wanazoeana.

Mwaka uliopita tulipeleka ombi letu kaunti mwezi wa Mei. Tuliambiwa kwa upole kwamba tumechelewa, na ni kweli tulikuwa tumechelewa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Asiyekuwemo kwenye mpango wa Septemba anakuwa anabisha mlango wakati chakula kimeshapakuliwa. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, ndani ya mwaka wa fedha ambao mpango wake unaandikwa sasa hivi. Miezi mingi ya kampeni inaangukia kabla ya hapo, kwenye mwaka ambao bajeti yake imeshapita. Hiyo hatutaipata kaunti hata tukilia.

Mweka hazina ana hofu nyingine, na nimekubali ana haki. "Tukipokea nauli kutoka serikalini," alisema, "siku tutakayosimama kati ya wafuasi wa wagombea wawili, mmoja atasema tumetumwa." Hivyo tumegawa. Kaunti tutaiomba mafunzo ya wajumbe na ukumbi wa mikutano ya robo mwaka. Mfadhili akija, tutamwomba vifaa, na tutamwonyesha ule ukurasa mmoja kabla hajatuonyesha wake. Zile 180,000 zitatoka kwetu wenyewe: chama cha wavuvi, kikundi cha kina mama cha Langoni, misikiti miwili, kanisa moja la Hindi, na vijana wa stendi ya bodaboda waliosema watatoa safari badala ya pesa. Hadi jana ahadi zilikuwa 112,000. Kila shilingi itaandikwa kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kuja kulisoma pale dakani, na mjumbe hatahitaji barua ili apande pikipiki. Atapanda, kisha alete risiti au, pasipo risiti, jina la dereva.

Fulana tumezifuta zote. Kijana wetu wa Mokowe alisikitika kidogo.

Leo nimempigia mjumbe wa Faza kumwambia kifungu kimepita. Alikaa kimya, kisha akauliza kama anaweza kupewa sehemu yake mapema, kuna ndoa ya watu wa mitaa miwili isiyosalimiana na anataka kwenda kukaa nao kabla ya siku yenyewe. Nimemwambia mweka hazina atamtumia alasiri hii. Anavuka kesho, maji yakijaa.