Kwa Aziz

Mwaka 2014 askari wa Dawati la Jinsia na Watoto alileta kwenye makao yetu ya watoto, Dar es Salaam, mtoto wa kiume, kama miaka mitano hivi, aliyekutwa Kariakoo akilia kati ya meza za mitumba. Barua ya polisi ilikuwapo. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa alifika kesho yake. Fomu ikajazwa: jina, umri wa kukadiria, makovu, nguo alizokutwa nazo.

"Nyumbani ni wapi?"

"Kwa Azizi."

Aliyekuwa zamu akaandika: Baba, Aziz.

Neno hilo lilimpotezea mtoto siku 19. Tangazo lilisomwa misikitini na redioni, akitafutwa Bwana Aziz aliyepotelewa na mtoto. Wakaja wawili, na wote mtoto hakuwajua.

Aliyelifumbua fumbo ni mama wa jikoni. Alikuwa anachambua mchele, mtoto kakaa pembeni ya ungo. Yeye hakuuliza kama fomu. Aliuliza, "Asubuhi kwenu vitumbua mnanunua wapi?" Mtoto akajibu, "Pale konda anaposema Kwa Azizi, shusha!"

Mtoni Kwa Aziz Ali. Jiji hili lina Kwa Mtogole, lina Kwa Mnyamani, na mtoto alitaja kituo tangu siku ya kwanza. Sisi tukasikia mtu.

Tulikwenda naye pamoja na afisa ustawi. Mtoto wa umri ule hajui jina la mtaa, anajua njia, kwa hiyo yeye ndiye hutangulia. Watu wazima hubaki hatua chache nyuma na hawamwoneshi kidole. Akipotea, mnarudi kituoni alikozoea kushukia na kuanza upya. Tulirudi mara mbili. Mara ya tatu alikata kona kwenye mashine ya kusaga, akaanza kukimbia.

Bibi yake alikuwa ameripoti polisi usiku uleule, ila kituo kingine, na madaftari ya vituo viwili hayakukutana. Alimkumbatia, akataka abaki palepale. "Wanangu, huyu damu yangu." Kumwambia asubiri kuliuma sana, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Lakini kwanza afisa aone anapolala, azungumze na mtoto peke yake, ajue alifikaje Kariakoo. Jibu likapatikana: bibi alikuwa Feri, soko la samaki, kununua samaki wa kukaanga, na jirani aliyeachiwa mtoto akaenda naye sokoni, akamponyoka. Ikakubaliwa mbele ya mjumbe kwamba siku za Feri mtoto atabaki kwa mdogo wake bibi, nyumba ya tatu.

Bibi alikuja makaoni Jumamosi tatu. Kisha mtoto akalala kwao usiku mmoja, akarudi, akaulizwa. Ndipo akaenda moja kwa moja.

Bibi aliweka dole gumba kwenye fomu ya kumpokea. Jaladani, ile "Baba, Aziz" ilikatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na pembeni pakaandikwa: kituo cha daladala.